Udalali wa Mtandaoni: Nani Anakulipa, na Atajuaje Kwamba Ni Wewe?

Kila boom likitoka, kuna ujumbe unaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya chuo: jiunge na afilieti, ulipwe ukiwa geto. Nikiwauliza wenzangu hiyo afilieti ni kitu gani hasa, napata majibu matatu. Wa kwanza anasema ni utapeli. Wa pili anasema ni ile biashara ya kuingiza watu. Wa tatu hajui, ila "kuna jamaa anapiga hela kweli." Majibu yote matatu yanakosea, na kukosea huku kunawagharimu watu boom.

Mimi nasoma ualimu na ninakaa Mbagala Rangi Tatu. Pamoja na wenzangu wawili tunaendesha tovuti ndogo ya notisi na maswali ya mitihani kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Tovuti haijiendeshi kwa maombi. Jina lake linalipiwa kila mwaka, sehemu ya kuihifadhi inalipiwa, na bando la kupakia kazi ni juu yetu. Ndiyo maana ilibidi nikae chini nielewe hizi njia za kuingiza hela mtandaoni zinafanyaje kazi. Hapa naeleza nilichokielewa, kwa lugha ya kitaani kwetu.

MPIGA DEBE NA DALALI

Pale stendi kuna mpiga debe. Anaita abiria wa Kariakoo, gari linajaa, konda anamkatia chake. Abiria akishuka Mtoni Mtongani badala ya Kariakoo, hayo hayamhusu. Yeye analipwa kwa kuita. Matangazo ya kawaida ya mtandaoni, kama yale ya Google AdSense, yako hivyo hivyo: mwenye tovuti anapata chochote tangazo linapoonekana au linapobofywa, hata kama aliyebofya hakununua kitu.

Dalali ni mtu mwingine kabisa. Dalali wa vyumba anaweza kukuzungusha Charambe, Kizuiani na Mbagala Kuu mchana kutwa. Usipochukua chumba, anabaki na hela ya kuzungushwa tu. Ukichukua, anakula kodi ya mwezi mmoja. Afilieti ni udalali wa namna hii. Unapendekeza bidhaa kwenye tovuti yako, unaweka kiungo cha kwenda kwa muuzaji, na msomaji akinunua unapata asilimia fulani. Asiponunua, huna chako. Tofauti ni moja: dalali wa chumba analipwa na mpangaji, huyu wa mtandaoni analipwa na muuzaji.

Mfumo wenyewe ni wa siku nyingi. Amazon ilianzisha mpango wake wa Associates Julai 1996, wakati bado inauza vitabu tu. Mwenye tovuti ya bustani aliweza kupendekeza kitabu cha bustani, akaweka kiungo, akapata kamisheni kitabu kikinunuliwa. Baadaye yakaja makampuni ya kati, kama CJ iliyoanza 1998, ambayo hayauzi bidhaa. Kazi yake ni kuwakutanisha wauzaji wengi na wenye tovuti wengi, kuhesabu mauzo na kupitisha malipo.

ATAJUAJE KWAMBA NI WEWE?

Kila dalali wa Mbagala anaogopa kitu kimoja: kurukwa. Anakuonyesha chumba leo, kesho unarudi kimya kimya, unamalizana na mwenye nyumba. Zana zote za afilieti zimetengenezwa kwa ajili ya hofu hiyo hiyo. Swali lake ni moja tu: muuzaji atajuaje kwamba mteja huyu ameletwa na wewe?

Zana ya kwanza ni kiungo chenye alama. Ukijiunga na mpango unapewa herufi au namba zako, na zinaunganishwa mwishoni mwa anwani ya bidhaa. Ya pili ni kuki, yaani faili dogo linaloachwa kwenye kivinjari cha msomaji anapobofya. Kuki ndiyo inayokumbuka kwamba huyu alitokea kwako. Lakini kumbukumbu yake ina mwisho. Kwa Amazon ni saa 24: msomaji akibofya leo asubuhi, akaja kuweka bidhaa kwenye kikapu keshokutwa, wewe haupo kwenye hesabu. Na kama baadaye amebofya kiungo cha dalali mwingine, mara nyingi anayelipwa ni yule wa mwisho.

Ya tatu ni programu ndogo zinazochomekwa kwenye WordPress, kama Pretty Links na ThirstyAffiliates. Zinafupisha viungo virefu, zinahesabu vimebofywa mara ngapi, na muuzaji akibadilisha anwani unarekebisha sehemu moja badala ya kupekua makala zote. Ya nne ni ya bure na wengi wanaidharau: Search Console ya Google. Inakuonyesha watu walitafuta maneno gani mpaka wakafika kwako. Kabla ya kumpendekezea msomaji chochote, jua kwanza alikuja kutafuta nini.

ALAMA INAPOKATIKIA KWETU

Zana hizi zilitengenezwa kwa mnunuzi anayebofya, anayelipa kwa kadi na kuletewa mzigo mlangoni. Mnunuzi wa Mbagala hafanyi hivyo. Anaona bidhaa, anapiga picha ya skrini, anamtumia shangazi WhatsApp, anamuuliza muuzaji "mwisho bei gani?", kisha anapanda gari mpaka Kariakoo na kulipa kwa Lipa Namba. Katika safari hiyo yote kuki imebaki kwenye simu haijui lolote. Umemleta mteja, mauzo yamefanyika, na kwenye mfumo inasomeka sifuri.

Hata wanaonunua mtandaoni wanapotea njiani. Ukibofya kiungo ndani ya Instagram, kinafunguka kwenye kivinjari cha humo humo. Ukisema "nitanunua nikifika nyumbani" kisha ukafungua Chrome, Chrome haina habari na kuki ile. Simu ikiwa ya mama na inatumiwa na watoto watatu, ndiyo kabisa.

Halafu kuna muuzaji mwenyewe kuondoka. Jumia, ambayo ni soko kubwa la mtandaoni lililokuwa kwenye nchi nyingi za Afrika, ilisitisha shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kiungo kilichokuwa kinaelekea huko, hata kama makala iliandikwa vizuri namna gani, kilibaki kama daraja lisilo na ng'ambo.

Na kupokea malipo nako ni somo. Akaunti za PayPal za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kutuma pesa, siyo kupokea, ndiyo maana wengi wanazungukia Payoneer. Amazon inalipa takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha, na kwa malipo ya benki lazima ufikishe kwanza dola 10. Yaani kazi ya Januari, kama imefikisha kiwango, unaiona mwishoni mwa Machi.

HESABU YA KWENYE DAFTARI

Tufanye hesabu, sisi si ni walimu? Tuseme kikokotoo kinauzwa shilingi 45,000 na kamisheni ni asilimia 5. Kila kikinunuliwa unapata 2,250. Unataka 100,000 kwa mwezi? Unahitaji wanunuzi 45. Tuseme kati ya watu 100 wanaobofya, wawili tu wananunua: unahitaji mibofyo 2,250. Tuseme kati ya wasomaji 20 mmoja ndiye anabofya: unahitaji wasomaji 45,000 kwa mwezi.

Hizi namba nimezipanga mimi ili tuone njia, kwa hiyo weka za kwako. Ila ukizipanga vyovyote, utaona kwamba mzigo mkubwa uko kwenye wasomaji, na wasomaji wanaletwa na kazi ya miezi. Anayekwambia utapata laki kwa wiki bila tovuti, bila wasomaji, bila kuandika, amekuficha sehemu ya hesabu.

HELA INATOKA WAPI?

Hapa ndipo nataka mwanachuo asimame kidogo. Kabla ya kujiunga na mpango wowote, uliza kamisheni inatoka mfukoni mwa nani.

Ikitoka kwenye faida ya bidhaa iliyouzwa, huo ni udalali. Ikitoka kwenye ada ya kujiunga ya mtu uliyemwingiza, hakuna bidhaa hapo, kuna foleni ya watu wanaolipana, na wa mwisho ndiye anayelia. Tumeshaona mfano wake. Mwaka 2009 ilikuwa DECI. Februari 2025 polisi walikamata watu kuhusiana na mpango ulioitwa LBL. Jina linabadilika, ila mlango ni ule ule: toa hela kwanza. Mwenzangu mmoja alitoa zaidi ya nusu ya boom lake kwenye kitu cha aina hiyo, akaambiwa ni afilieti. Muhula ule alikula mlo mmoja kwa siku na akafanya mitihani hivyo hivyo. Mpango halisi wa afilieti haukudai kiingilio, maana dalali hamlipi mwenye nyumba ili apewe ruhusa ya kumletea mpangaji.

Kuna njia ya tatu, na hii ni halali lakini mimi inaninyima usingizi. Mipango mingi ya kamari za mtandaoni inamlipa dalali sehemu ya kile mchezaji alichopoteza. Soma tena sentensi hiyo. Msomaji wako akishinda, wewe hupati. Akiliwa, mnagawana na kampuni. Tovuti yetu inasomwa na watoto wa kidato cha nne, na sheria yenyewe hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ofa ya namna hiyo ilitufikia, na asilimia yake ilikuwa kubwa kuliko ya kikokotoo chochote. Tulijadili jioni nzima, kwa sababu hela ya kulipia tovuti ilikuwa haijatimia. Tukakataa. Mwakani nitasimama mbele ya darasa, na sitaki kuwa mwalimu ambaye alipata nauli kwa sababu mwanafunzi aliliwa.

SISI TUNAFANYAJE?

Kwa kuwa kuki inapotea njiani, tumetumia kitu ambacho hakipotei: neno. Kuna stationari moja ya jirani inayochapa na kubana vijitabu vya mitihani iliyopita. Tukakubaliana na mwenye nayo kwa maandishi. Mwanafunzi akitaja neno letu, anapunguziwa shilingi 500 na sisi tunaandikiwa 500 kwenye kaunta buku. Kila Jumamosi tunahesabu, na malipo yanaingia kwa simu. Si mamilioni. Lakini alama haikatiki, kwa sababu mteja mwenyewe ana faida ya kuitaja.

Juu ya kila makala yenye pendekezo tunaandika mstari mmoja: "Ukinunua kupitia sisi tunapata kamisheni kidogo." Wenzangu waliogopa kwamba utafukuza watu. Mimi nikasema mwalimu akitamka "nunueni kitabu hiki", mwanafunzi hapimi, anaamini na anakwenda kumwomba mzazi hela. Kama nina changu kwenye hiyo hela, mzazi ana haki ya kujua. Na kitabu kibovu hatukipendekezi hata kiwe na kamisheni ya nusu bei. Dalali akionyesha vyumba vinavyovuja, mtaa mzima unajua ndani ya mwezi.

Mwisho, usisahau serikali. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilidai leseni ya shilingi milioni moja, pamoja na ada ya maombi ya 100,000. Zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee ya kijiweni. Waulize TCRA kama unachochapisha kinahitaji leseni. Sheria ya Fedha ya 2023 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Na kwa kuwa kuki inakusanya habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu pia.

Kwa hiyo ujumbe ule ukiingia tena kwenye grupu, mjibu aliyeutuma kwa maswali matatu: bidhaa ni ipi, hela inatoka mfukoni mwa nani, na muuzaji atajuaje kwamba mteja ametoka kwangu? Akiweza kujibu yote, kaa naye, huenda ana kazi. Akikujibu "wewe tuma kwanza ya kujiunga", hiyo hela nunua mchele.