Telefone haiuzi mihindi yenye maji



Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini huku Kisenge hata chema kinapaswa kutembezwa. Soko kubwa liko Kolwezi, mbali, kupita Kasaji na Mutshatsha. Tukinyamaza, kamio ya kwanza kufika ndiyo inapanga bei, tena inapima kwa meka yake yenyewe, imejazwa mpaka inamwagika.

Nianze na kosa langu. Nilipoanza kazi na kooperative moja, niliwafungulia ukurasa wa Facebook. Picha zilikuwa nzuri: wamama wanacheka, mihindi inang'aa. Watu wengi walitutumia vidole gumba. Mfuko hata mmoja haukuuzwa. Juu ya nini? Hatukuandika bei, wala kilo, wala namba ya telefone. Sisi tulionyesha furaha, na mnunuzi alikuwa anatafuta mihindi.

Tangu ile siku, tangazo letu linasema mambo matano: tunauza nini, iko kilo ngapi, bei ya kilo, gari inapakia wapi, na namba ya kuita. Andikeni kilo, si meka. Meka ya huyu na ya yule hazifanani.

Jambo la sita linashinda yote: video fupi ya chumvi. Kamata chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mihindi mpaka karibu theluthi moja, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika 1, acha dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mihindi iko na maji zaidi ya asilimia 15. Usiiuze, irudishe juani. Ikioza njiani, mnunuzi hatarudi, na sumu ya ukungu haiishi hata ukisonga bukari. Chumvi isipogandama, piga video, mfuko uonekane pembeni. Mnunuzi ataona mwenyewe kabla ya kulipa safari.

Mimi sishauri kooperative ndogo ilipe mtu kuitengenezea tovuti. WhatsApp Business ni ya bure, na inaweka picha na bei ya kila kitu mahali pamoja. Telefone iwe moja, ya kooperative, na mtu mmoja achaguliwe kujibu. Watatu wakijibu, mnunuzi atapata bei tatu na atachukua ya chini. Katika mipangilio, zima picha na video zisijipakue zenyewe, mega zisiishe bure. Sisi tunaopanda juu ya kichuguu kutafuta rezo, mesaji ya sauti inatutosha.

Kabla ya kupanga bei, ulizeni watu wawili walio sokoni Kolwezi na mmoja wa Kasaji. Halafu katibu aandike bei kwa chaki kwenye ubao wa depo. Hapa nasisitiza: wamama wengi wanaolima hawana telefone ya WhatsApp. Bei ikibaki ndani ya telefone ya bwana prezida, mama atauza mfuko wake kwa hasara, tena mbele ya mlango wetu.

Kuhusu malipo: mesaji inayosema umepokea pesa bado si pesa. Iwe Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, angalia mwenyewe salio lako kwanza, ndipo mfuko upande garini. Namba ya siri haipewi mnunuzi, wala yule anayepiga simu akijiita wakala.

Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, na mihindi ya kule ikazuiwa kutoka. Huku kwetu Lualaba tunakula sana unga wa Zambia. Mwaka kama ule ukirudi, wanunuzi wataita kwanza namba wanazozijua. Namba ya kooperative yenu iwe kati ya hizo, na mihindi yenu iwe kavu.

Kazi njema, tuonane shambani.