Ngitili: Akiba ya Majani na Miti Usukumani

Siku hizi kwenye redio tunasikia sana habari za mabadiliko ya tabianchi. Wengi wanauliza: hivi ni nini hasa? Na sisi wa vijijini tunahusikaje? Tutaeleza kwa kifupi, halafu tutakwenda Shinyanga kuona watu wa huko walifanya nini.

Mtu akichoma makaa ya mawe, petroli, dizeli au miti, hutoka hewa ya ukaa. Hewa hii haionekani kwa macho. Inajikusanya juu na kuifunika dunia kama blanketi. Joto la jua linaingia, lakini kutoka ni shida. Basi dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900. Usiseme nyuzi 1 ni kidogo. Mtoto wako akipanda kutoka nyuzi 37 hadi 38 na kitu, si unamkimbiza zahanati? Joto likizidi, udongo hukauka upesi. Mvua nayo ikija, mara nyingi huja kwa kishindo na kuondoka na udongo.

Sasa nani kachoma? Si sisi. Afrika nzima hutoa kama sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Viwanda na magari ya nchi tajiri ndiyo yamechoma zaidi kwa miaka mingi. Lakini mahindi yakikauka, tajiri ananunua mengine. Maskini anauza ng'ombe, tena wakati wa njaa, wakati ng'ombe ana bei ya kutupa. Asiye na ng'ombe anakata miti achome mkaa. Hatumlaumu, maana watoto hawashibi mawaidha. Ila miti ikiisha, mwakani atauza nini?

Shinyanga waliyaona haya mapema. Zamani Wasukuma walikuwa na ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna mnyama kuingia. Majani yanakua, yanakauka yakiwa yamesimama, yanakuwa akiba. Kiangazi kikikaza ndipo inafunguliwa, kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia.

Kisha mambo yakaharibika. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mikubwa ili kuua mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya pamoja, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe mnajua mwisho wake. Ilifika mahali mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania. Akina mama walitembea mbali kutafuta kuni, na wengine wakapikia samadi ambayo ingefaa shambani.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni walitilia mkazo bustani za miche. Baadaye wakaona kuwa wenyeji wanayo njia yao, ni kuifufua tu. Kumbe visiki vingi vilikuwa hai chini ya ardhi! Ukivifungia wanyama na shoka, vinachipua vyenyewe. Mizizi tayari iko chini sana, kwa hiyo havihitaji kumwagiliwa kama mche.

Kazi kubwa ilikuwa kukubaliana. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, likaweka masharti na faini. Sungusungu wakalinda. Ngitili nyingine zikawa za kaya, nyingine za kijiji kizima. Mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, kabla haujagawanywa mwaka 2012. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, piga hesabu mwenyewe.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kuwa kuni, nguzo, malisho, dawa, asali na matunda ya ngitili vilimpa kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi. Matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo yalikuwa kama dola 8 na nusu. Na miti hiyo, inapokua, inavuta hewa ya ukaa na kuiweka ndani ya shina na mizizi.

Lakini lipo tatizo, tusilifiche. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ana ngitili kubwa. Asiye na ardhi anategemea ile ya kijiji. Wakubwa wakijigawia hiyo, mjane ataokota kuni wapi? Ndiyo maana ngitili ya kijiji iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Jambo hili linapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kila mtu mzima mkazi wa kijiji ana haki ya kuingia na kusema. Ulizeni muhtasari. Sasa mnajua kusoma, someni mipaka ilivyoandikwa kabla mkutano haujaupitisha.