Fahamu: Nyiragongo inapolipuka, mashuhuda huona nini?

Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, anga la Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liligeuka jekundu. Mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka ubavuni. Familia zilibeba magodoro, masufuria na watoto, wengine wakielekea mpaka wa Rwanda, wengine mji wa Sake.

Lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba na kukata barabara ya Rutshuru, ambayo ndiyo njia ya kwenda Butembo na Beni. Watu wapatao 30 walipoteza maisha, baadhi yao kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inafuka. Siku tano baadaye, gavana wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, huku matetemeko yakiendelea.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kwa sababu ina madini kidogo ya silika, hivyo hutiririka kwa kasi kubwa. Mwaka 1977 iliwafikia wanavijiji kabla hawajakimbia. Mwaka 2002 ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu.

Si kila volkano hulipuka hivyo. Vesuvius, Italia, ililipuka kwa namna tofauti mwaka 79: majivu na gesi ya moto viliufunika mji wa Pompeii. Plinius Mdogo, kijana wa miaka 17, alishuhudia akiwa Misenum, na barua zake kwa mwanahistoria Tacitus zimebaki kuwa ushahidi mkuu wa tukio hilo.

Leo Nyiragongo hufuatiliwa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma.