Nani Hulipia Darubini? Karoo na Majirani wa Longonot

Chini ya Mlima Longonot, Kaunti ya Nakuru, kuna kituo cha zamani cha mawasiliano ya setelaiti. Kabla ya nyaya za intaneti kupitishwa baharini, simu za ng'ambo zilitegemea dishi za aina hiyo. Kwa miaka kadhaa kituo hiki kimetajwa katika mipango ya kugeuza dishi za zamani barani Afrika kuwa darubini za redio. Ghana ilitangulia: dishi ya Kuntunse, yenye upana wa mita 32, ilizinduliwa upya kwa kazi hiyo mwaka 2017.

Nyuma ya mradi wa Ghana kulikuwa na shirika la umma la Afrika Kusini linaloitwa SARAO kwa kifupi. Liko chini ya Wakfu wa Kitaifa wa Utafiti wa nchi hiyo, na kazi yake ni kusimamia unajimu wote wa redio unaogharamiwa na serikali: kujenga vifaa, kuvitunza, kugawa muda wa kuvitumia na kusomesha vijana. Chuo kikuu kimoja hakiwezi kubeba mzigo huo. Darubini ya MeerKAT, iliyozinduliwa Julai 2018 katika nyika ya Karoo, ina dishi 64, kila moja ikiwa na upana wa mita 13.5. Dishi hizo zitaunganishwa na nyingine 133 katika mradi wa kimataifa wa SKA. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi huo.

Tofauti na darubini ya kioo, dishi haitazami nyota. Inasikiliza mawimbi ya redio kutoka angani, nayo ni hafifu mno kiasi kwamba simu moja ya mkononi iliyo karibu huyafunika kabisa. Ndiyo maana Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya unajimu, ikiwemo kudhibiti mitambo ya redio. Mashamba mengi ya kondoo yaliyozunguka eneo hilo yalinunuliwa, na leo ardhi hiyo ni hifadhi ya taifa.

Si kila mtu alifurahi. Baadhi ya wafugaji walilalamika kwamba uchumi wa miji midogo ungedorora na mawasiliano ya simu yangebanwa. Kwa upande mwingine, mji wa Carnarvon ulipata mafunzo ya ufundi kwa vijana, na shule yake ya upili ikagharamiwa walimu wa hisabati na sayansi. Ufadhili wa masomo ulioanza 2005 uliwafikia pia wanafunzi kutoka nchi washirika.

Kenya ina Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na tangu 2017 Shirika la Anga za Juu. Longonot ikirudi kazini, majirani wake hawatakuwa wachungaji wachache kama Karoo. Kuna barabara kuu, mashamba ya maua, vituo vya mvuke wa ardhini na maelfu ya simu. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, kwa hivyo katika vikao hivyo mkazi ana haki ya kuuliza mnara wa simu utasogezwa wapi, ni ardhi ya nani itakayoguswa, na ni vijana wangapi wa hapa watakaofunzwa kuitunza dishi hiyo.