Sura ya Nne: Wingu Juu ya Loima

Wahubiri wengi wakitaka kueleza utukufu wa Mungu hukimbilia jua. Mfano huo unafaa Limuru, kwenye ukungu na baridi. Upeleke Lorugum, magharibi mwa Lodwar kule Turkana, saa saba mchana, uone kama utapokelewa. Huko jua ndilo linalokausha malisho na kumaliza mbuzi. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Mwanga upo tele. Watu wanatafuta kivuli, na macho yao yako kwenye vilima vya Loima, kuangalia kama wingu limeshika.

Biblia nayo ni kitabu cha nchi kavu. Katika Kutoka, utukufu wa Bwana huja ndani ya wingu: latua juu ya Sinai, laifunika hema hata Musa mwenyewe ashindwe kuingia. Anapoomba aonyeshwe utukufu huo, katika sura ya 33, anawekwa kwenye ufa wa mwamba na kufunikwa kwa mkono. Anatiwa kivulini! Kiebrania huuita utukufu kavod, neno lenye mzizi wa uzito, nami kila nikilisoma huliona wingu lililobeba maji, si lile jeupe linalopita na upepo.

Waturkana humwita Mungu Akuj, jina lenye undugu na kuju, yaani juu. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick walipofika Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa, jina hilo walilikuta. Wazee walikuwa wakiliita katika agata, sala ambayo mmoja huomba na wote huitikia.

Siku hizi makanisani tunasema uwepo umeshuka pale kinanda kinapopanda na watu wanapolia. Machozi siyadharau, nami nimelia. Lakini Hesabu 9 ina kipimo kingine. Wingu likikaa juu ya hema siku mbili, au mwezi, au zaidi, watu walikaa. Likiinuka, waling'oa kambi. Mfugaji haelezwi jambo hili mara mbili, maana ndivyo anavyohama. Kukaa mbele za Mungu, basi, ni kazi ya subira: mahali pamoja, saa ileile, zaburi moja isomwe polepole, kisha kimya. Siku nyingi hutasikia kitu. Waisraeli nao siku nyingi walichota maji tu na kuchunga, wingu likiwa palepale juu yao.

Hukohuko Turkana, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na wako waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto wao humohumo. Ukialikwa kuhubiri huko juu ya uwepo wa Mungu, wasomee kwanza Hesabu 9, kisha keti uwasikilize wao.