Gome la Muiri na Swali la Kipimo

Wakenya wengi wakisikia Kiganjo huwaza makurutu wa polisi wakikimbia alfajiri kwenye baridi, au maziwa ya KCC. Mti hauwajii akilini. Lakini ukipanda kutoka mji huo mdogo wa Nyeri kuelekea Kabaru, mahali ambapo mashamba ya viazi na mahindi yanakoma na msitu wa Mlima Kenya unaanza, umefika kwenye makao ya muiri. Wakikuyu huuita hivyo, Wameru huuita mweria, na wanasayansi wanaujua kama Prunus africana. Ni ndugu wa mplamu na mpichi. Ukiwa msituni unaweza kufikia mita 40, gome lake ni jeusi lililopasuka vipande vya miraba, na ukisugua jani lake kiganjani harufu ya lozi inakupanda puani.

Gome hilo hilo utalikuta sokoni likiwa limekatwakatwa na kulazwa juu ya gunia, kando ya muthiga wa kutafuna kifua kikibana na mizizi ya mukawa ya kutia kwenye supu. Mzee anasimama, anashika kipande, anakinusa. Hasemi anaumwa nini, na mwuzaji hamuulizi moja kwa moja. "Guka, usiku unaamka mara ngapi?" Mzee anacheka kidogo. "Mara nne, siku nyingine tano." Anafungiwa magome kwenye gazeti, anaambiwa achemshe mpaka maji yawe mekundu, anywe kikombe asubuhi na jioni. Kikombe cha ukubwa gani, magome mangapi, kwa muda gani? Hayo yanabaki kwa mpishi.

Kinachomwamsha mzee ni tezi dume, kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu ambacho njia ya mkojo hupita katikati yake. Umri ukisonga tezi hiyo hukua. Kwa karibu nusu ya wanaume wenye umri kati ya miaka 50 na 60 huwa imeshakua, na wakifika miaka 80 wengi sana wanayo hali hiyo. Ikikua hubana njia, mkojo hutoka kwa kusuasua, kibofu hakiishi mkojo, na usingizi hukatikakatika. Hiyo si saratani. Tatizo ni kwamba saratani ya tezi dume, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Kenya, inaweza kuja na dalili zinazofanana na hizo, au isilete dalili yoyote mpaka imekomaa.

Safari ya gome hili kutoka milima ya Afrika hadi maduka ya dawa ya Ulaya ni ndefu kuliko wanavyodhani wengi. Katika matumizi ya wenyeji wa Afrika Mashariki yanayotajwa mara kwa mara, maji mekundu ya gome lililotwangwa hutuliza tumbo, majani hufukizwa kwa homa, na ng'ombe aliyefunga choo hunyweshwa. Kusini mwa bara ndiko inakosemekana wazungu walijifunza kulitumia kwa matatizo ya mkojo ya wazee. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia dondoo la gome hilo kutibu tezi dume. Ufaransa ikaanza kuuza vidonge kwa jina la Tadenan, na magome yakaanza kusafirishwa kwa tani kutoka Kamerun, Madagaska na Kenya. Huku kwetu, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa magome hayo alikuwa Jonathan Leakey, kaka yake Richard Leakey wa visukuku na wanyamapori.

Ulaya haikubadilisha gome lenyewe. Iliongeza kipimo. Kidonge kina dondoo lililotengenezwa kwa njia ileile kila mara, na dozi ya kawaida ni miligramu 100 kwa siku. Kitu chenye kipimo kinaweza kujaribiwa, na kilijaribiwa. Watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Waliotumia dondoo walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19. Kwa mzee anayeamka mara tano, hiyo ni safari moja hivi. Si muujiza, ila anayelala vibaya hawezi kuidharau.

Watafiti haohao walionya kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo, hata marefu kati yake yalidumu miezi minne tu au pungufu, na kila moja lilipima mambo kwa njia yake. Ndiyo maana madaktari wa Marekani hawalipendekezi. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya limechagua njia ya kati: linaliruhusu kama dawa ya asili kwa sababu ya miaka mingi ya matumizi, kwa sharti kwamba daktari awe ameshahakikisha mgonjwa hana ugonjwa mwingine mbaya. Sharti hilo ndilo lisilofuatana na magome yaliyofungwa kwenye gazeti.

Hospitali nayo ina silaha zake. Tamsulosini hulegeza misuli inayobana njia, na wengi huona tofauti ndani ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini inataka subira ya miezi sita hivi. Zikishindwa, kuna upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Finasteridi ina jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawalijui: baada ya miezi kadhaa hushusha kwa karibu nusu matokeo ya PSA, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta dalili za saratani. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anaimeza anaweza kusoma namba ndogo akatulia. Sasa fikiria mambo ambayo daktari hajui kuhusu chupa ya mitishamba isiyo na lebo.

Nyeri ina sababu ya kulishughulikia hili kuliko kaunti nyingi. Desemba 2018, serikali ilipoanza majaribio ya matibabu kwa wote, iliichagua pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na sababu ya Nyeri ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwemo. Mgonjwa wa sukari ni mteja wa kudumu wa mitishamba kwa kuwa ugonjwa wake hauishi. Juisi ya karela, tunda lenye uchungu, kwa mfano, inaweza kushusha sukari. Anayeinywa juu ya vidonge vyake vya kushusha sukari anaweza kujikuta anatetemeka na kutoka jasho, sukari ikiwa imeporomoka. Wengi hawamwambii daktari kwa kuogopa kukaripiwa, na kusema kweli, kukaripiwa huko kumekuwapo.

Afrika Mashariki iliona mwaka 2011 kinachotokea watu wakichoka kukaripiwa. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alikuwa akiuza kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 za Tanzania katika kijiji cha Samunge. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi, Wakenya wakiwemo, na wako waliofia njiani. Wengine waliacha dawa zao za virusi vya Ukimwi. Mti uliochemshwa, mugariga, ni mukawa uleule unaotiwa kwenye supu ya Nyeri.

Serikali na mashirika nayo yamesogea, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Taasisi ya KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1984. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitaka kuwe na chombo cha kusimamia tiba za asili na tiba mbadala. Kwa miaka mingi kabla yake mganga wa mitishamba alitambuliwa na idara ya utamaduni, pamoja na wacheza ngoma. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha tiba za asili huko Jamnagar, India, mwaka 2022, na Mei 2025 nchi wanachama zikapitisha mkakati wa 2025 hadi 2034. Unasisitiza utafiti, usalama, na kuziingiza katika mifumo ya afya tiba zilizothibitika.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutoa artemisinini kwenye pakanga. Mara nyingi husahaulika kwamba dawa hiyo inaponya malaria ikiwa kidonge chenye kipimo na ikichanganywa na dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani hayo, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hubadilika kila kikombe.

Kwa muiri kuna tatizo ambalo pakanga haina. Pakanga hupandwa na kuvunwa ndani ya mwaka. Muiri ni mti wa msituni na dawa iko kwenye ngozi yake. Mchunaji mwangalifu hutoa gome pande mbili zinazotazamana, akaacha mbili, kisha akasubiri miaka lipone. Mwenye haraka huchuna kuzunguka shina lote, mti ukakauka ukiwa umesimama. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya muiri inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uagizaji wa magome ya Kamerun. Kuupanda shambani kunawezekana, ila mbegu haihifadhiki: ikikaa inakufa, kwa hiyo huokotwa ikiwa mbivu na kupandwa mara moja kabla ndege na mbega hawajaimaliza.

Suala la nani anufaike nalo limesogezwa mbele kisheria hivi karibuni. Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa zilikubaliana mkataba unaomlazimu anayeomba hataza kutaja nchi ilikotoka mimea aliyoitumia, na jamii iliyompa maarifa. Utaanza kufanya kazi nchi 15 zikishauridhia. Hautaigusa hataza ya Debat, ambayo muda wake uliisha zamani.