Kilango cha Ekzosi: Kelele Tupu, Nguvu Zilezile

Mwenye BMW 330i ya mtumba hakosi fundi wa kumwambia, "Tuchomoe huu mpira, boss, gari ipumue." Kunguruma itanguruma. Kupumua ni jambo jingine.

Ndani ya ekzosi ya gari la aina hiyo mna kilango cha chuma kwenye bomba mojawapo. Injini ikizunguka polepole, mvuto wa hewa unaopitia mpira mwembamba hukifunga, na moshi hubanwa utokee bomba lililobaki, mngurumo mzito ukamezwa ndani ya sailensa. Ukikanyaga mafuta, kompyuta huukata mvuto huo, springi hukifungua kilango, nao moshi ukapata njia pana. Kwa hiyo injini inapohitaji nafasi, kiwanda kilishaitengea. Kuchomoa mpira hakuiongezei nguvu. Kunabadilisha tu sauti ya gari likiwa limesimama au likitambaa.

Na katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, gari hutambaa wapi? Si Outer Ring Road usiku barabara ikiwa nyeupe. Hutambaa Buruburu ukipita katikati ya nyumba zilizoshikana, au Umoja chini ya maghorofa yanayotazamana, ukimsubiri soja akufungulie geti saa tano usiku. Sauti nzito haizuiliki kirahisi kama ile nyembamba: hupenya ukuta, hutikisa vioo, na kuta za mbele huirudisha. Aliye kwenye usukani husikia raha. Mtoto wa jirani hushtuka usingizini.

(Wenye Subaru za turbo za zamani wasinijie juu. Mngurumo wao hutokana hasa na mabomba ya injini yasiyolingana urefu, wala hauhusiani na kilango hiki.)

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, huruhusu desibeli 35 tu nje ya nyumba za makazi usiku. Hicho ni kiwango cha mnong'ono.

Tena mpira ukiachwa bila kuzibwa huweza kuingiza hewa isiyopimwa, injini ikatetemeka. Kwenye magari ambayo kilango huendeshwa na mota ya umeme, kuchomoa waya kunaweza kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Kibaya zaidi ni kukata sailensa yenyewe, maana hapo hakuna kurudi nyuma bila kuchomelea upya.

Kama umenunua gari ukakuta mpira umechomolewa, mwambie fundi aurudishe. Ni kazi ya dakika chache, usikubali akutoze kama ameshusha injini.